Mtandao wa njia za baiskeli: yanayodhaniwa na yalivyo

"Tukijenga kilomita nyingi, mtandao tayari upo."

Kilomita hazisemi kitu peke yake. Njia salama ya kilomita 9 inayokatizwa na makutano mamoja yenye magari ya kasi hubaki kuwa njia ya wachache wasioogopa. Aliyembeba mtoto nyuma huipima safari kwa kipande chake kibaya zaidi, akiona hakipitiki anabaki nyumbani.

Kwa hiyo usianze na kuchora njia mpya. Weka alama kwenye ramani penye shule, masoko, stesheni, hospitali na sehemu za kazi, uziunganishe kwa mistari iliyonyooka, kisha tafuta barabara zilizo karibu na mistari hiyo. Zipite zote kwa baiskeli, saa ya msongamano na usiku pia, ukiandika zinapokatika: daraja jembamba, kipilefti, kivuko cha reli, mpaka wa halmashauri mbili. Mpaka ndio husahaulika kuliko vyote. Kila upande hujenga hadi ukomo wa eneo lake, mmoja kushoto mwa barabara na mwingine kulia, na mwendeshaji huachwa avuke kwa bahati yake.

Sevilla, Hispania, ilijenga mtandao wake wa msingi kwa mkupuo kati ya 2006 na 2010, njia zikiwa zimeungana tangu mwanzo, na safari za baiskeli zikaongezeka mara kadhaa.

"Mstari wa rangi unatosha."

Rangi haizuii gari. Mtaa wenye magari machache yasiyozidi kilomita 30 kwa saa hauhitaji hata huo mstari. Penye mwendo wa 50 na kuendelea, weka ukingo au nafasi ya kutenganisha.

"Baiskeli ni nyembamba, haihitaji nafasi."

Hapa ndipo walemavu, wazee na wabeba mizigo hufungiwa nje bila mtu kukusudia. Mwongozo wa Uingereza wa 2020 unataka usanifu uzingatie chombo cha urefu wa mita 2.8 na upana wa mita 1.2, yaani baiskeli ya mizigo, ya magurudumu matatu au yenye tela. Vipimo vingi hutokana na hapo. Nguzo za kuzuia magari ziachane mita 1.5. Vizuizi vinavyomlazimisha mwendeshaji apinde kushoto kisha kulia viondolewe, maana mlemavu wa miguu anayeendesha baiskeli kwa mikono hawezi kushuka akainyanyua baiskeli yake. Kisiwa cha kusubiria katikati ya barabara kiwe na kina cha mita 3 hivi, la sivyo tela hubaki limening'inia mbele ya magari. Njia ya kupishana pande mbili iwe na mita 3 zinazotumika kweli: ukuta au uzio ukiwa kando, nusu mita ya upande huo huwa haina kazi, kwani hakuna anayetaka kukwaruza usukani.

Tazama na mifuniko ya mitaro. Nondo zake zikilala kuelekea mwendo wa baiskeli, tairi jembamba huzama katikati yake. Zilazwe kukingama mwendo huo.

"Vibao ni mapambo."

Limburg ya Ubelgiji ilianza mwaka 1995 kuweka namba kwenye njia panda za baiskeli. Msafiri huandika namba chache tu, anazifuata kibao kwa kibao, na njia ikifungwa anachagua namba nyingine. Kibao kimoja kikipotea, mpangilio wote hapo hukatika, kwa hiyo kila nguzo iwe na namba ya kuripotia.

"Ikishazinduliwa, kazi imekwisha."

Mizizi hunyanyua lami, mvua husomba changarawe, hasa kwenye mteremko unaozidi asilimia 5, na vioo hukusanyika pasipopita gari la kuvisukuma pembeni. Nani anafagia, mara ngapi na kwa fedha ya nani, viandikwe kwenye makubaliano ya halmashauri zote kabla mkandarasi hajaingia kazini. Na mashine ya kufagilia ipite katikati ya zile nguzo.