Mechi za maandalizi za NHL: watu wanavyodhani na ilivyo

"Matokeo hayahesabiwi, kwa hiyo ni bonanza tu."
Ni kweli pointi haziingii kwenye msimamo wa NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada. Ila kambi za timu hufunguliwa katikati ya Septemba zikiwa na wachezaji hamsini hata sitini, na ligi inapoanza Oktoba kikosi hakitakiwi kuzidi 23. Nafasi nyingi kati ya hizo zina wenyewe tayari. Kinachogombewa ni namba mbili tatu za mwisho, na kocha hatafuti mabao ya kideoni. Anaangalia nani anajitupa mbele ya shuti timu inapocheza pungufu, baada ya mwenzao kutolewa kwa dakika mbili.

Baadhi ya wanaogombea hawana mkataba popote, wameitwa kwa majaribio tu. Alex Chiasson aliingia hivyo Washington Capitals mwaka 2017, akapewa mkataba wa mwaka mmoja, na Juni 2018 timu ikatwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL. Mkataba ukaisha, akarudi kwenye majaribio, safari hii Edmonton Oilers. Akapata namba tena na kufunga mabao 22 msimu ule. Bonanza gani hilo?

"Timu inayoshinda zote Septemba itatisha."
Tazama kwanza nani kavaa jezi. Kanuni inadai wazoefu wasiopungua 8 kati ya wachezaji 20, basi. Kuna siku timu hugawanywa, nusu inacheza nyumbani na nusu iko ugenini siku hiyohiyo. Kipa namba moja naye anaweza kupumzishwa katikati ya mchezo.

"Wanavuna mamilioni hata huko."
Hapana. Mshahara huanza kuhesabiwa msimu unapoanza. Kambini kuna posho. Mwenye kulalamika kwa haki ni shabiki wa tiketi za msimu, ambaye mara nyingi mechi hizi huwekwa kwenye kifurushi chake apende asipende.

"Hakuna cha kupoteza."
Septemba 28, 2024, Patrik Laine, ndiyo kwanza kajiunga na timu ya Montreal, aliumia goti dhidi ya Toronto na hakucheza mpaka Desemba 3. Adhabu nazo huvuka mpaka. Septemba 2013 David Clarkson, ndiyo kwanza kasajiliwa Toronto, aliruka kutoka benchi kuingia kwenye ugomvi wa mechi ya maandalizi na Buffalo. Akafungiwa mechi 10, zote za ligi yenyewe.

"Basi zifutwe."
Kupunguzwa, sawa. Mkataba mpya kati ya ligi na chama cha wachezaji unazishusha hadi nne kuanzia msimu wa 2026-27, huku za ligi zikipanda kutoka 82 hadi 84. Nyota hawatanuna. Wa majaribio ndiye kabanwa: alizoea kambi zenye mechi sita hadi nane za kujionyesha.