Mlio wa Ekzosi Unaopotea Injini Ikipata Moto

Gari linalovuja ekzosi, yaani njia ya moshi wa injini, lina tabia ya kumwaibisha mwenye nalo: asubuhi linalia tik-tik-tik, lakini akifika gereji saa nne limenyamaza. Chuma kikipata moto hutanuka na kuziba mwanya, hivyo fundi husikiliza injini ambayo kwa wakati huo haina kosa lolote. Ndiyo maana huwaomba wateja wangu waniachie gari lilale, ili niliwashe mwenyewe kesho yake likiwa baridi kabisa. Dakika ya kwanza au ya pili hunieleza mengi kuliko saa nzima ya kupapasa chini ya gari la moto.

Mteja mmoja aliniletea Toyota IST ikiwa imeshabadilishwa plagi na kupimwa tapeti, kwa sababu mlio ule hufanana sana na wa tapeti, vile vipande vinavyosukuma vali za injini. Kwenye injini yake, 1NZ-FE, manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, iko nyuma, upande wa dereva na abiria, kwa hiyo haionekani kirahisi. Niliingiza kioo kidogo na tochi, nikaona alama nyeusi ya masizi iliyotawanyika kama unyoya kutoka kwenye ukingo wa gasketi, ile pakiti inayoziba kati ya manifoldi na injini. Masizi ya namna hiyo hayaji bila gesi kupita. Pale yasipoonekana, mimi hutumia kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni na nyingine nikiipitisha polepole kwenye maungio. Au hupuliza hewa ya shinikizo dogo kupitia mdomo wa bomba, injini ikiwa imezimwa, kisha hunyunyizia maji ya sabuni na kutazama mapovu yanatokea wapi.

Wengi hudhani hasara ni kelele tu. Gesi hutoka kwenye silinda kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo shinikizo ndani ya bomba huweza kushuka kiasi cha kunyonya hewa ya nje kupitia tundu lilelile. Tundu hilo likiwa kabla ya sensa ya oksijeni, sensa huipima hewa hiyo na kompyuta ya gari huamini kuwa petroli ni kidogo, ikaongeza. Gari linaanza kula mafuta na taa ya injini inaweza kuwaka. Tundu lililo nyuma, karibu na sailensa, haliwezi kudanganya sensa hiyo, lakini linaweza kuingiza kaboni monoksaidi ndani ya gari, gesi isiyo na rangi wala harufu. Abiria wanaoumwa kichwa kila safari wasipewe dawa tu. Gari nalo lichunguzwe.

Kwenye IST ile kazi ngumu ilikuwa nati zilizoshikwa na kutu. Nilizilowesha kwa mafuta ya kulegeza usiku kucha, kwani stadi, ile boliti isiyo na kichwa inayoshika nati, ikikatikia ndani ya silinda hedi (sehemu ya juu ya injini), kazi ya saa mbili hugeuka ya siku mbili. Nilisafisha nyuso zote mbili, nikaweka rula ya chuma juu ya manifoldi kuona kama imepinda, nikafunga gasketi mpya nikikaza kuanzia nati za katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Gundi ya silikoni sikubali kuitumia hapo, inaungua.

Bomba lenye wavu, lile linalonyumbulika, ambalo matuta yetu hulipiga sana, halizibwi viraka: hukatwa na kuchomelewa jipya. Sailensa nayo huoza kutoka ndani, kwa sababu lita 1 ya petroli ikiungua hutoa takriban lita 1 ya maji, na gari la safari fupi haliyakaushi. Kabla ya kuchomelea chochote, ondoa waya hasi wa betri, na waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea uubane jirani kabisa na unapochomelea.