Viza ya ndoa haipo, kuna viza ya mwenza

Kwenye sendoff moja pale Uyole, Mbeya, baridi ile ya mwezi wa saba inayowafanya watu wacheze muziki bila kubembelezwa, MC akashika maiki akatangaza kwamba bibi harusi wetu "tayari ana viza ya ndoa, mwezi ujao ni raia wa Uingereza". Ukumbi mzima vigelegele, mama mmoja nyuma yangu akasema ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, mi nimeshika soda yangu nahesabu makosa kwenye sentensi moja. Sikusema kitu, manake kwenye sherehe ya watu huwezi kuinuka na sheria za uhamiaji mkononi, lakini hilo neno nimelisikia mara nyingi mno, saluni Mwanjelwa, kwenye daladala, hadi kwenye matangazo ya kanisa, sasa leo acha niliseme.

Viza ya mwenza ni ruhusa ambayo nchi inampa mtu wa nje aingie akaishi, kwa muda uliotajwa, na mume au mke au mpenzi wake ambaye ni raia wa huko au ana ukaazi wa kudumu. Huyo wa kule ndo mdhamini, wa huku ndo mwombaji. Basi. Mengine yote ni masharti, na masharti yana tabia ya kubadilika.

Tuanze na hilo neno lenyewe, manake hata kuliandika watu wanalikosea. Limetoka Kilatini, kwenye kitenzi cha kuona, zamani walisema karatasi "iliyoonwa", yaani ofisa ameiona hati yako, ameikagua, kagonga alama yake. Likapita kwa Wafaransa, likaja kwa Waingereza, likatufikia sisi. Kwa hiyo tangu mwanzo viza ni habari ya ofisa kuona karatasi, hakuna mahali neno lilipoahidi kwamba ukishaonwa umeshakuwa mtoto wa nyumbani. Na naomba tuandike kwa z, kwa sababu ukiandika kwa s unaangukia kwenye wingi wa kisa, na "visa vya ndoa" tunavijua wote, ni yale mambo ya mtu kununiwa siku tatu na kufungiwa mlango wa jikoni. Nimeona kibao cha steshenari moja pale Kabwe kimeandikwa "TUNAJAZA VISA VYA NDOA", nikasema hawa jamaa kazi wanayo.

Ila na hiyo z ina mambo yake. Mama yangu anafuga kuku wa kienyeji Tukuyu, na siku kuku akikaribia kutotoa huwa anachukua yai moja moja analitikisa sikioni, likisikika maji maji ndani anasema "hili viza" analitupa kwenye migomba. Yai viza ni yai lililolaliwa likakataa kutoa kifaranga. Mama akisikia binti fulani amepata viza huwa anaguna kidogo, anajua sio yai hilo, lakini anaguna. Mi naona mguno wake una maana zaidi ya tangazo la MC, manake viza hata ikishatoka bado ni yai, unalisubiri.

Haya, mwenza. Hapa ndo ugomvi wangu ulipo. Zamani kidogo, ukisema mwenza bila kuongeza kitu watu walielewa mke mwenza, yule wa nyumba ya pili. Mume au mke wako ulimwita mwenzi, mwenzangu, mwenzi wa maisha. Hii ya kumwita kila mume au kila mke "mwenza" imetukolea baadaye, kwenye mabango ya zahanati, njoo kliniki na mwenza wako, na wazee wengine mpaka leo wanalisikia vibaya. Na kwa viza hiyo maana ya zamani inagonga mwamba kabisa, kwa sababu Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya wake wengi, lakini Uingereza ikishampokea mke mmoja kwa njia hii haimpokei wa pili wakati ndoa ya kwanza bado ipo. Kwa hiyo viza ya mwenza, mke mwenza hapati. Sikulitunga mimi.

Lakini kuna mwenza mwingine ambaye Watanzania tunamjua vizuri kila baada ya miaka mitano, mgombea mwenza. Huyo hapigiwi kura peke yake. Jina lake liko kwenye karatasi, picha yake ipo, ila anapita au anaanguka na yule mkubwa. Ndo hivyo hivyo mwombaji wa viza ya mwenza. Unaweza kuwa na digrii, duka na viwanja, jicho la ofisa linakwenda kwanza kwa mdhamini: ana hadhi gani pale nchini, anaingiza kiasi gani kwa mwaka, anakaa wapi.

Sasa ukiita kitu hiki viza ya ndoa, unamwambia mtu kwamba kinachotoa viza ni ndoa. Na sio kweli pande zote mbili. Uingereza hata wasiofunga ndoa wanaomba, mradi uhusiano wao ufanane na wa ndoa na uwe umefika miaka miwili. Na wenye ndoa safi kabisa, ya kanisani, cheti cha RITA kipo, picha za mashangazi zipo, wanakataliwa. Ndoa inasaidia kuthibitisha kwamba mna uhusiano wa kweli, ila mlango unashikwa na mdhamini.

Najua unasema mbona jamaa anakasirikia neno tu. Ngoja.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alifunga ndoa hapa mjini Mbeya Oktoba 2023. Shemeji yuko Leicester, ana ukaazi wa kudumu, anafanya kazi ghalani, kwa mwaka pauni elfu ishirini na tatu na kitu. Kiwango cha kipato cha mdhamini wakati huo kilikuwa pauni 18,600, kiliwekwa mwaka 2012 Theresa May akiwa waziri wa mambo ya ndani, na hakikuwa kimeguswa tangu hapo. Kwa hiyo shemeji alikuwa anapita na chenji inabaki. Desemba 2023 serikali ya kule ikatangaza kiwango kinapanda, ikatajwa mpaka 38,700. Tukaogopa. Tukaenda kwa kijana mmoja anayejaza fomu, tumebeba bahasha ya kaki ina salari slipu za miezi sita, zimeprintiwa bado za moto, na yule kijana hata hakuzitoa kwenye bahasha. Akasema, "Hiyo ya kupanda ni ya wanaoenda kutafuta kazi. Nyie yenu ni viza ya ndoa. Ndoa haiulizwi mshahara."

Ndoa haiulizwi mshahara! Na sisi tukalala. Mtihani wa Kiingereza wa A1, ngazi ya mwanzo kabisa, binti alikuwa amemaliza, ikabaki kipimo cha kifua kikuu ambacho lazima kifanyike kwenye kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza, kwa hiyo ilibidi kupanda basi la Dar, tukasema jamani tule Pasaka kwanza. Pasaka mwaka huo ilikuwa Machi 31. Aprili 11, 2024 kiwango kikawa pauni 29,000.

Shemeji aliamka asubuhi moja, kazi ile ile, mke yule yule, cheti kile kile, hatoshi. Ndoa yao haikupungua hata gramu, kilichosogea ni mstari wa mdhamini. Na aliyewahi kuomba kabla ya tarehe hiyo anaendelea kupimwa kwa kiwango cha zamani hata akija kuongeza muda. Siku chache tu zinawatenganisha watu wawili wenye mishahara sawa kwa miaka mitano.

Tukaanza kuhangaika. Binti ana duka la vitenge Mwanjelwa, linaingiza, tukasema basi tuunganishe. Faida ya biashara ya mwombaji aliye nje haihesabiwi kwenye ombi la kwanza, inayohesabiwa ni ya mdhamini, mgombea mwenza tena huyo. Akiba inahesabiwa, ila bila mshahara wowote inatakiwa pauni 88,500 iwe imekaa benki miezi sita, ukiuza duka na kiwanja cha Iwambi na ng'ombe wa babu hufiki. Mtu mwingine akatwambia mahakama itafuta. Mahakama ya juu kabisa ya kule ilishalisikiliza jambo hili, Februari 2017, ikasema kuweka kiwango cha kipato ni halali hata kama kinawaumiza wengi, ila maofisa waangalie vizuri zaidi maslahi ya watoto. Hawa hata mtoto bado. Serikali ya Labour ilipoingia Julai 2024 ikasimamisha kile kipandio cha kwenda 38,700, tathmini ifanyike kwanza, lakini 29,000 haikushuka kwa kusimamishwa huko. Shemeji akaongeza zamu za usiku. Akipiga simu huku ni alfajiri, majogoo ya jirani yanawika ndani ya simu, anasema anayasikia na yeye.

Kwa hiyo usiniambie ni neno tu.

Na yule kijana alikuwa amechanganya na kitu kingine, ambacho nacho kinaitwa viza ya ndoa mtaani. Mtu akienda Uingereza kwa kazi au masomo, mke wake anaweza kuomba kama tegemezi. Hiyo sio viza ya mwenza ninayoisema hapa, hata kama waliooana ni hao hao. Tegemezi anabebwa na viza ya mwenzake ambayo yenyewe ni ya muda, ikiisha na yake imeisha. Na huko nako milango imefungwa: kuanzia Januari 1, 2024 wanafunzi wengi hawaruhusiwi kuleta familia isipokuwa wale wa utafiti wa juu na waliodhaminiwa na serikali, na kuanzia Machi 11 mwaka huo huo walioenda kwa viza ya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa nao wakazuiwa kuleta. Kaka wa Iringa niliyesoma naye ameenda kuhudumia wazee, mke yuko Kihesa, anauliza mbona fulani alimchukua mkewe na mimi sichukui. Fulani ni raia wa kule. Wewe una viza. Jina moja la mtaani, vitu viwili.

Nchi nyingine kila moja na kizingiti chake. Ujerumani tangu 2007 inataka mwenza awe na Kijerumani cha A1 kabla hajaingia, Denmark tangu 2002 inataka wote wawili wawe wamefika miaka 24, Marekani mdhamini anasaini kabisa kwamba kipato chake ni angalau asilimia 125 ya mstari wa umaskini wa kwao, na ndoa ikiwa haijafika miaka miwili siku unayoingia unapewa kadi ya masharti ya miaka miwili, mkathibitishe tena. Na tusijifanye malaika, Sheria yetu ya Uraia ya 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa hiyo, mwanaume mgeni aliyeoa dada yetu hana njia hiyo.

Sasa hilo la "mwezi ujao ni raia". Ukiombea viza ya mwenza ya Uingereza ukiwa huku unapewa miezi 33, yaani miaka miwili na miezi tisa. Kabla haijaisha unaomba tena, unalipa tena, Kiingereza kinapanda kiwe A2, unapewa miezi 30. Ukifika miaka mitano ndo unaomba ukaazi wa kudumu, na hapo B1 pamoja na mtihani wa maisha ya Uingereza. Uraia unakuja baada ya hapo kama ukitaka, na ukiutaka ujue kwetu mtu mzima habebi uraia wa nchi mbili, paspoti ya Tanzania unaiacha. Ni yai, nilishasema.

MC ni mtu wa kwetu kabisa, baba zetu walikaa nyumba moja Soweto ya hapa Mbeya, nikamwandikia meseji asubuhi yake. Nikamwambia kaka, kazi nzuri jana, ila siku nyingine sema binti amepata viza ya mwenza, ataenda kukaa na mumewe miaka miwili na miezi tisa halafu wataomba tena, na huyo mume mtaje kwa jina tumpigie makofi na yeye, mdhamini ni yeye. Akajibu, sawa kaka, ila hiyo miezi tisa nitaisema taratibu, mashangazi wasije wakasikia kitu kingine.