Zeze barabarani: wafuate watu wanaosubiri

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza zeze huniuliza waanze na wimbo gani barabarani. Mimi huwauliza watasimama wapi. Zeze si gitaa. Sauti yake nyembamba inatoka kwenye kibuyu kilichowambwa ngozi, na honi moja ya bodaboda inaimeza.

Tafuta watu wanaosubiri. Nilianzia Kariakoo, sokoni Dar es Salaam, nikidhani umati ndio hadhira. Lakini mtu wa Kariakoo ana mzigo kichwani na pesa mfukoni anayoilinda, hasimami. Nilipohamia Kivukoni, kando ya njia wanayopita abiria wa pantoni la Kigamboni, mambo yakabadilika. Anayesubiri pantoni hana haraka mpaka lifike. Kwanza anageuza shingo, halafu anasogea. Simama na ukuta mgongoni ili sauti isipotelee baharini, na pale penye kivuli, maana hakuna atakayekusikiliza huku jua linamchoma utosini.

Kabla hujafungua mfuko, omba. Kila kipande cha barabara kina mwenyewe, hata kama hana karatasi: mama wa vitumbua, muuza kahawa, mzee anayeshona viatu. "Shikamoo mzee, naomba nipige zeze kidogo hapa, nikikuzibia wateja uniambie." Akishakuitikia na kukuonyesha pa kukaa, umepata wa kukutetea. Mara moja niliipuuza hatua hiyo, mahali pengine kabisa. Mgambo wakaja, wakashika zeze langu hadi jioni, na hakuna jirani aliyefungua mdomo. Iliniuma sana, na ndiyo sababu nalisisitiza jambo hili kuliko mengine yote. Pita pia ofisi ya serikali ya mtaa, na ukiona kazi inaendelea, jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ukiwa na karatasi mkononi, maongezi huwa mafupi.

Kuhusu pesa, wengi wanaogopa kuonekana ombaomba. Kumtunza msanii kwetu ni heshima ya siku nyingi: kwenye taarabu mtu huinuka, akacheza taratibu hadi mbele, akatuza noti yake hadharani. Kwa hiyo siweki kopo. Natandika kanga, juu yake ungo, hatua mbili mbele yangu, na natia mwenyewe noti ya 1,000 na sarafu chache ili watu waelewe. Siku hizi naegemeza na kipande cha boksi chenye lipa namba, kwa herufi za kusomeka kutoka mbali.

Piga dakika kumi, pumzika, anza upya. Ufunguzi wangu hauna maneno: uta na nyuzi tu, kwa kasi, mpaka watu watatu wasimame. Hapo ndipo naimba. Ukianza kuimba bila mtu mbele yako, utakaza koo ukiwaita, na baada ya nusu saa huna sauti. Spika usibebe. Ule mkwaruzo wa zeze ndio unaomvuta msikilizaji aje karibu, na spika ya bei nafuu huugeuza mluzi.

Zeze la Wagogo limezoea ukavu wa Dodoma. Pwani, unyevu hulegeza ngozi na sauti ikawa butu. Nalianika juani kidogo kabla ya kutoka, na napaka uta utomvu mkavu kila baada ya nyimbo mbili tatu. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyelifikisha zeze kwenye majukwaa ya Ulaya, aliishi Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba zeze na bahari haviwezani.

Ikilia adhana, shusha uta. Kesho rudi mahali palepale, saa ileile. Abiria wa jioni ni walewale, na siku ya tatu au ya nne kuna atakayeliacha pantoni la kwanza liondoke ili amalizie wimbo.