Prosesa ya Simu Yako Haijazeeka

Nimeletewa tena. "Fundi, simu imekuwa nzito, naomba uiovakloki prosesa." Yaani nilazimishe prosesa, ubongo wa simu, ikimbie kuliko spidi ya kiwandani. Kaona video mahali, kaja na faili la keneli (kiini cha mfumo wa simu) kwenye memori kadi. Jamani, prosesa haichoki hivyo. Kama ilikuwa gigahezi 1.4 ulipoitoa boksini, leo ni 1.4 ileile. Vilivyochoka ni betri na chipu ya hifadhi. Ovakloki haisaidii chochote kati ya hivyo viwili, na betri ndiyo inaimaliza kabisa.

Zamani ilikuwa na maana. Simu ya HTC Dream ya mwaka 2008 ilikuwa na chipu ya Qualcomm ya megahezi 528, ikauzwa imebanwa kwenye 384. Pale ulikuwa unadai chako. Siku hizi chipu inakamuliwa kiwandani.

Joto nalipitia haraka. Ukipandisha spidi, mara nyingi lazima upandishe na volti, na volti inaingia kwenye hesabu mara mbili. Zote zikipanda asilimia 10, ulaji wa umeme unapanda kama theluthi. Simu haina feni, kwa hiyo ikichemka inajishusha spidi yenyewe. Dakika chache za gemu, umerudi ulikotoka.

Betri ndiyo inayonikera, maana hakuna anayetaka kuisikia. Ikizeeka haipungui ujazo tu, ukinzani wake wa ndani nao unapanda. Prosesa ikidai umeme mwingi ghafla, volti inaanguka. Dalili unazijua: simu ina asilimia 35, unafungua kamera, flashi inawaka, simu inazima. Ukiichomeka chaji inawaka na kusoma 30, kana kwamba hakuna kilichotokea. Apple walitoa toleo la mfumo wa iPhone, iOS 10.2.1, mwaka 2017, ikawa inapunguza spidi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Desemba wakaomba radhi na kutangaza kubadilisha betri kwa dola 29 badala ya 79. Yaani mtengenezaji anapunguza spidi ili betri ihimili, wewe unataka kuongeza kwa betri iliyovimba mpaka mfuniko unanyanyuka!

Halafu hifadhi: GB 16, zimebaki MB 300, kwingine kote ni video za "asubuhi njema" za magrupu ya WhatsApp. eMMC, yaani hiyo chipu ya hifadhi, ikijaa inaandika kwa tabu, na kila app inaandika. Tableti ya Nexus 7 ya 2012 ilikuwa inaganda hivyohivyo mpaka Android 4.3 ilipoleta TRIM, njia ya kuijulisha hifadhi nafasi zipi zimefutwa, mwaka uliofuata. Ilikuwa na Tegra 3 ya kori nne, na kori zote zinasubiri hifadhi.

"Mbona mshikaji wangu aliovakloki ikawa nyepesi?" Naamini. Ila ili aweke keneli alifungua butiloda, programu inayowasha simu na hufungwa kiwandani, na kuifungua kwa kawaida kunafuta kila kitu. Akaanza na simu tupu, sifa akaipa ovakloki. Nisiwe mkaidi: keneli nzuri hubadilisha na gavana, sehemu inayoamua spidi ipande au ishuke lini, na hiyo peke yake huleta wepesi. Upi umetoka wapi, hata mimi siwezi kukutenganishia. App za benki zinazogomea simu iliyofunguliwa, hizo watu huzikumbuka siku ya kutuma pesa.

Badilisha betri, futa video, rudisha simu ilivyotoka kiwandani, shusha animesheni hadi 0.5 kwenye mipangilio ya wasanidi (Developer options). Ikibaki nzito, angalia RAM, memori ambayo app zilizofunguliwa hukaa. Kama ni GB 1, WhatsApp na Facebook za leo haziwezi kukaa humo pamoja, uovakloki usiovakloki.