Kwa nini rejeta ya mvuke hupiga mluzi kabla ya kupata joto?

Aliyewahi kuishi Dodoma kwa mgao wa maji anaujua mlio huu. Unalala koki ikiwa wazi, alfajiri bomba linaanza kukohoa: linatema upepo, linanyamaza, linatema tena, ndipo maji yanakuja. Huo si ubovu. Maji yalipokatika, bomba lilijaa hewa, na maji hayaingii mpaka hewa ipate pa kutokea.

Nilimkumbusha mdogo wangu mlio huo aliponipigia simu mwezi Januari kutoka Chicago, anakosoma. "Shikamoo kaka." Marahaba, habari za huko? "Baridi tu. Kuna dude la chuma humu chumbani linapiga mluzi usiku kucha, na joto sipati."

Dude hilo ni rejeta. Usifikirie ile ya gari inayopoza injini. Hii kazi yake ni kupasha chumba joto. Chini ya nyumba, kwenye chumba kilichochimbwa ardhini, kuna boila inayochemsha maji. Mvuke unapanda kwa mabomba hadi kwenye rejeta za vyumbani, unagusa chuma baridi, unageuka kuwa maji tena, na katika kugeuka huko ndipo unapoliachia chuma joto lake. Katika nyumba nyingi za zamani kule, bomba ni moja tu: mvuke unapanda humo, na maji yanateremka humo humo kurudi kwenye boila.

Sasa, boila ikizimwa mfumo mzima unajaa hewa, kama bomba la kwetu siku za mgao. Ikiwashwa, lita moja ya maji inazaa takriban lita 1,700 za mvuke, na mvuke wote huo unakuta nafasi imeshikwa. Ndiyo maana kila rejeta ina kipumulio, kidude kidogo cha chuma chenye tundu. Hewa inatokea hapo, na mluzi ule ndio sauti yake. Ndani ya vipumulio vingi kuna kibuyu kidogo kilichozibwa, chenye kimiminika kinachochemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mvuke ukikifikia, kibuyu kinavimba na kuziba tundu. Kikipoa kinasinyaa, tundu linafunguka, hewa inarudi ndani. Kwa hiyo mluzi wa dakika chache ni afya. Mluzi usiokoma ni ugonjwa.

Kipumulio kinakaa wapi? Hapa fundi wa bomba wa Dodoma, nami nikiwa mmoja wao, angejibu upesi: juu kabisa. Kwenye maji ni sahihi, kwa sababu hewa ni nyepesi na hukusanyika kwenye kilele. Ndiyo maana bomba la kupumulia la tangi tunalisimamisha juu. Kwenye mvuke mambo yamegeuka. Mita moja ya ujazo ya hewa ya chumbani ina uzito wa kilo 1.2 hivi, ya mvuke ni kama kilo 0.6. Mvuke ndio mwepesi. Ukiingia kwenye rejeta unakimbilia juu kwanza, na hewa inabaki chini. Ukiweka kipumulio kileleni, mvuke utakifikia mapema na kukifunga, huku hewa ikiwa bado imekaa tumboni mwa rejeta. Kwa hiyo kinawekwa ubavuni, upande ulio mbali na bomba la kuingizia, karibu na nusu ya kimo au chini yake kidogo.

Lakini kazi kubwa haiko chumbani. Iko kule chini, kwenye bomba kuu linalopita dari ya chumba cha boila, na kwa maoni yangu hapo ndipo watu wanapoteza pesa nyingi bure. Bomba kuu likikosa kipumulio chake, hewa yake yote inalazimika kutokea kwenye vitundu vya rejeta. Mvuke hufuata njia rahisi: vyumba vilivyo karibu na boila vinaungua, vya mwisho vinaganda. Mwenye nyumba anaona dawa ni kuongeza presha. Presha haisaidii. Mfumo wa nyumba ya kuishi unatosheka na chini ya pauni 2 kwa inchi ya mraba, wakati tairi la gari dogo linabeba kama 30.

Dawa ni kipumulio kikubwa mwishoni mwa bomba kuu, baada ya tawi la rejeta ya mwisho. Kisiwekwe kwenye ncha yenyewe: maji yanayosukumwa na mvuke hugonga pale kama nyundo na kukiua. Mafundi wa kule hurudi nyuma sentimita 38 hivi, kisha wanakiinua juu ya kipande kifupi cha bomba.

Kwenye bomba kuu, basi, hewa itoke haraka. Kwenye rejeta itoke polepole. Ukiweka tundu kubwa kwenye rejeta, mvuke unaingia kwa kasi hadi maji yanayoteremka yanakosa njia, na kipumulio kinaanza kutema maji sakafuni. Ukishatuliza bomba kuu ndipo uchague tundu la kila chumba: rejeta kubwa, au yenye bomba refu la kupandia, inahitaji tundu kubwa kidogo, maana ina hewa nyingi zaidi ya kutoa. Chumba chenye themostati, kidude kinachoizima boila joto likitosha, kipewe tundu dogo, kisije kikapata joto mapema na kuizima boila kabla vingine havijafikiwa. Koki ya rejeta nayo, katika mfumo wa bomba moja, iwe wazi yote au imefungwa yote. Nusu nusu huyazuia maji ndani.

Bomba kuu la Chicago ni la mwenye nyumba, mdogo wangu hawezi kuligusa. Nilimwambia atume picha ya kipumulio chake tu. Kilikuwa kimepakwa rangi tabaka juu ya tabaka pamoja na rejeta yote, tundu limebaki kama la sindano: hewa kidogo ilipenya kwa mluzi mwembamba, usiku kucha, na mvuke haukuwahi kufika. Msimamizi wa jengo alisubiri boila ipoe, akakifungua na kufunga kipya, wima. Jioni ile nilikuwa na mdogo wangu kwenye simu. Mluzi ulisikika, ukakatika wenyewe, na yeye akaanza kunihesabia pingili za rejeta kadiri zilivyopata moto, kuanzia upande wa koki: ya kwanza, ya pili, ya tatu.