Kaa wabeba magamba: nani anakaa wapi, na katika nyumba ya nani

"Mgawanyo wa makazi" ni maneno ya wanabiolojia, lakini maana yake si ngumu: nani anakaa wapi, na kwa nini pale na si hatua ishirini mbele. Kwa viumbe wengi wa ufukweni jibu liko kwenye maji. Swali ni moja tu, yaani anaweza kuvumilia ukavu kwa muda gani bahari ikipwa. Kwa kaa wabeba magamba, wale wanaochungulia kutoka ndani ya gamba la konokono, jibu lina upande wa pili. Anapokaa panategemea pia nyumba aliyoipata, na nyumba hiyo hakuijenga yeye.

Mtazame kwa karibu. Mbele ni kaa hasa, mwenye magando na miguu migumu. Nyuma ni tumbo laini lisilo na kinga, limejipinda kulia kufuata mzunguko wa gamba. Miguu ya mwisho imekuwa vijiti vifupi vya kushikilia gamba kwa ndani. Ndiyo maana ukimvuta hatoki. Atakatika kabla ya kuachia. Watoto waliokulia pwani wanajua dawa yake: muweke chini, tulia, usisogee, naye atatoka mwenyewe ashike njia.

Mjenzi wa nyumba ni konokono. Akifa au akiliwa, gamba hubaki na mawimbi hulisukuma huku na huku. Kwa hiyo idadi ya nyumba haiko mikononi mwa kaa. Iko kwenye idadi ya konokono wanaoishi na kufa mahali hapo, na sehemu yenye chakula tele inaweza kuwa na uhaba wa magamba.

Ukitembea wakati wa bamvua, maji yakiwa yamepwa sana, utaona ufuko umegawanywa kama mitaa. Kwenye matumbawe na majani ya bahari wako kaa wakubwa wa jenasi ya Dardanus, ambao hawana haja ya kutoka majini. Baadhi yao hupandikiza maua ya bahari, ambayo ni wanyama laini wanaofanana na maua, juu ya gamba, nayo huwasha adui. Kwenye vidimbwi vya miambani wako wadogo wengi. Kwenye mikoko hali ni nyingine kabisa. Katika Hori ya Mida, karibu na Watamu nchini Kenya, kaa aitwaye Clibanarius laevimanus amechunguzwa kwa miaka na watafiti wa Italia. Maji yakipwa, kaa hawa hurundikana kwenye mizizi ya mikoko, wamegandamana gamba kwa gamba. Maji yakirudi, lundo huvunjika na kila mmoja huenda kutafuta riziki yake.

Mtaa wa juu kabisa, penye mchanga mkavu na mikadi, ni wa jenasi ya Coenobita, na hapa ndipo makazi na gamba vinapokuwa jambo moja. Kaa hawa huishi nchi kavu na wakizamishwa majini muda mrefu hufa, lakini matamvua yao lazima yabaki na unyevu. Gamba ni mtungi wao. Wanabeba maji kidogo ndani yake, na gando kubwa la kushoto huziba mlango. Aliyepata gamba zima linalomtosha anaweza kwenda mbali na bahari. Aliyebanwa kwenye gamba dogo au lenye tundu hukauka upesi. Mchana hujificha chini ya majani makavu, usiku hutoka. Ukiwasha tochi utasikia makombe yakigongana kabla hujaona chochote. Huko Somalia, katika miaka ya 1970, mtafiti wa Italia Marco Vannini alieleza jinsi Coenobita rugosus wanavyovuka vilima vya mchanga kwenda na kurudi. Na hata aliyekaa nchi kavu namna gani, jike hana budi kurudi baharini kumwaga mayai, kwa kuwa viluwiluwi wake huanza maisha majini.

Kaa hukua, gamba halikui. Akichelewa kuhama, ukuaji wake hudumaa, jike hupata mayai machache, na adui humfikia kwa urahisi. Akichukua kubwa mno, mzigo humlemea. Hivyo gamba moja zuri likitupwa ufukweni halimfaidi kaa mmoja tu. Anayeliingia huacha lake, wa pili huingia lile, wa tatu huingia la wa pili, hadi linabaki gamba bovu lisilotakiwa na mtu. Mfuatano huu huitwa mnyororo wa nafasi. Dhana yenyewe ilitoka kwa wanasosholojia, na katika miaka ya 1980 mtafiti Ivan Chase na wenzake waliitumia kwa kaa. Anayefanana nao ni mpangaji yeyote wa Kariakoo: chumba kimoja kikiachwa wazi, familia nne zinahama.

Kuna aliyejitoa kwenye foleni hiyo. Kaa wa minazi, ambaye bado yuko Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, hubeba gamba utotoni tu. Baadaye mgongo wa tumbo lake hukakamaa, gamba huachwa, naye huendelea kukua hadi kufikia kilo 4 hivi. Jamaa zake wenye magamba hawafiki popote karibu na uzito huo.

Wengine wote wanaishi kwa kutegemea vifo, na pua zao zinalijua hilo. Kaa wa Coenobita akifa, harufu yake huwaita wenzake, maana harufu hiyo ni habari ya nyumba iliyo wazi. Kwenye visiwa vya Cocos, katika Bahari ya Hindi, na Henderson, katika Pasifiki, watafiti wamewakuta kaa hawa wamenaswa ndani ya chupa za plastiki. Mmoja huingia akashindwa kupanda ukuta unaoteleza. Akifa, harufu husambaa, na mwingine huja kulifuata gamba lake.